Mwombe Mgeni Alete Rasimu: Uzoefu wa Kuratibu Mihadhara ya Sanaa ya Kidijitali Shuleni

Nilipokabidhiwa kazi ya kuratibu mihadhara ya wageni kuhusu sanaa ya kidijitali na usanifu wa mwingiliano, yaani kubuni namna mtu anavyotumia skrini au mashine, katika shule ninayofundisha, nilidhani ugumu ungekuwa katika kuwapata wageni wenyewe. Haukuwa huko. Wasanii na wasanifu hukubali mwaliko wa shule kwa urahisi kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu wengi wao walijifunza kazi hii peke yao na wanakumbuka walivyotamani kukutana na mtu anayeifanya. Ugumu ulikuwa katika jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha: mgeni anaweza kuja, akazungumza vizuri, akapigiwa makofi, akaondoka, na kazi za wanafunzi zikabaki vilevile zilivyokuwa kabla hajaja.

Wageni wa mwanzo walipokea barua ya kawaida ya mwaliko, ile inayomwomba mtu aje aeleze safari yake ya kikazi na kuonyesha baadhi ya kazi zake, nao wakafanya walivyoombwa. Kila mmoja alionyesha kazi zilizokamilika, moja baada ya nyingine, zikiwa zimepangwa vizuri katika slaidi, na ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama nyuma. Ulipofika wakati wa maswali, wanafunzi waliwauliza wote maswali yaleyale: unatumia programu gani, kompyuta yako ni ya aina gani, unalipwa kiasi gani, ulianza ukiwa na umri gani. Si maswali mabaya, na hilo la malipo lina haki yake, lakini hakuna hata moja lililoigusa kazi yenyewe. Nilichelewa kuelewa kwamba wanafunzi hawakuwa wavivu wa kuuliza, bali hawakupewa cha kukiulizia. Kazi iliyokamilika huficha maamuzi yaliyoizaa. Mtazamaji haoni rangi zilizokataliwa, wala kitufe kilichohamishwa kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine, wala majuma ambayo msanii alikuwa akielekea upande usiofaa. Anaona matokeo tu, na mbele ya matokeo yaliyonyooka namna hiyo kijana hufikia moja kati ya hukumu mbili: ama mgeni ana kipaji ambacho yeye hana, ama mgeni ana kifaa ambacho yeye hana.

Hukumu ya pili ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu niliiona ikifanya kazi darasani. Baada ya mhadhara mmoja uliosifiwa sana, wanafunzi kadhaa waliacha miradi waliyokuwa wameianza wakisema kwamba wangeiendeleza watakapopata programu aliyoitumia mgeni. Wakati huo huo walikuwa na kila kitu walichohitaji. Processing, programu ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha mwaka 2001 kwa ajili ya wasanii na wasanifu wanaotaka kujifunza kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, hutolewa bure, na p5.js, mradi wa Lauren McCarthy uliofuata nyayo zake, hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Mhadhara uliokusudiwa kuwafungulia mlango ulikuwa umewafanya wausubiri ufunguo.

Mambo yalianza kubadilika alipokuja msanifu wa mwingiliano ambaye kazi yake ni kusanifu skrini za mashine zinazotumiwa na umma, zikiwemo zile za kukatia tiketi. Alipopata barua yangu alijibu kwa kuuliza iwapo angeruhusiwa kuja bila slaidi. Alikuja na bahasha kubwa iliyojaa karatasi zilizochorwa kwa penseli, kila karatasi ikiwa skrini moja. Alimwomba mwanafunzi mmoja awe msafiri anayetaka tiketi, akamweka mwingine nyuma ya meza awe ndiye mashine: kila msafiri alipogusa kitufe kilichochorwa, mwenzake alitakiwa kuondoa karatasi iliyopo na kuweka inayofuata. Darasa zima lililobaki liliamriwa linyamaze, lisimsaidie msafiri kwa neno wala kwa ishara, na liandike kila mahali ambapo kidole chake kilisita.

Ukimya huo ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani. Msafiri alikwama katika skrini ya tatu, akarudi nyuma, akakwama tena palepale, na wenzake walijikaza kwelikweli wasipaze sauti. Mgeni alipouliza kosa lilikuwa la nani, wote walimtaja msafiri. Alikataa. Aliwaonyesha kwamba kitufe cha kuendelea kilikuwa kidogo, tena kimewekwa mbali na mahali ambapo jicho lilikuwa likisoma, kisha akawaeleza matokeo ya utafiti wa mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954, kwamba muda wa kukifikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Aliwakumbusha pia hoja ambayo Don Norman, mwandishi wa masuala ya usanifu, ameieneza kwa mifano ya milango ambayo watu huivuta ilhali ilipaswa kusukumwa: watu wengi wanapokosea mahali pamoja, kinachostahili kuchunguzwa ni mlango.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nadhani hakulipanga. Mwanafunzi aliyekuwa mashine alichelewa kuitafuta karatasi iliyofuata, na msafiri, akidhani hakusikika, aligonga tena na tena hadi karatasi zikachanganyika. Mgeni alisimamisha zoezi akaeleza vipimo ambavyo wasanifu wengi huvifuata: jibu likija ndani ya takribani sekunde 0.1 mtumiaji huhisi kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekitenda kitendo. Likichelewa hadi sekunde 1 anaona kuchelewa lakini fikra yake haikatiki. Likifika sekunde 10 akili yake imekwisha kwenda kwingine, na mashine inapaswa kuwa imemwambia mapema kwamba inashughulika. Nimewahi kufundisha vipimo hivyo ubaoni, na wanafunzi wakavinakili na kuvisahau. Safari hii walikuwa wamemwona mwenzao akipandwa na hasira kwa sababu ya sekunde chache.

Baada ya hapo akazitandaza rasimu za skrini moja kwa mpangilio wa zilivyochorwa, akawataka wakisie kwa nini kila moja iliachwa. Maswali ya siku hiyo yalichukua muda mrefu kuliko zoezi lenyewe, na hakuna aliyeuliza kuhusu aina ya kompyuta.

Nikaibadilisha barua. Siku hizi simwombi mgeni aeleze safari yake ya kikazi. Namwomba achague kazi moja tu, alete rasimu zake kuanzia ile ya kwanza kabisa, ikiwemo iliyokataliwa na mteja au aliyoitupa mwenyewe, na atenge angalau nusu ya muda kwa jambo ambalo wanafunzi watalifanya kwa mikono yao. Barua hii inahitaji kutumwa mapema kuliko ile ya zamani, kwa sababu inaibua matatizo ambayo ile ya zamani haikuyaibua. Wasanifu wengi wanaofanya kazi za makampuni wamefungwa na mikataba ya usiri, na rasimu ndizo hasa zinazolindwa na mikataba hiyo. Suluhisho lililofaa ni mgeni kuzichora upya kwa kumbukumbu akiliondoa jina la mteja na chochote kinachoweza kumtambulisha, au kutumia mradi wake binafsi. Wengine hawana mkataba wowote unaowazuia, ila wanaona aibu kuonyesha michoro mibaya mbele ya vijana. Hao huwa nawaeleza kwa simu, si kwa barua, kile kilichotokea kwa wageni wa mwanzo, na mara nyingi hulegeza msimamo. Asiyelegeza simsukumi. Wapo waliokataa moja kwa moja, na mmoja wao alikuwa msanii niliyekuwa nikitamani sana aje.

Jambo la pili tulilolibadilisha lilitoka kwa mwalimu mwenzangu wa sanaa. Alilalamika kwamba wanafunzi wanadhani sanaa ya kidijitali ilizaliwa pamoja na simu za mkononi, hivyo kila mgeni analazimika kupoteza muda akiwaondolea dhana hiyo. Tukaanza kutoa kipindi kimoja cha maandalizi kabla ya kila mgeni. Kinachozungumzwa humo hutegemea mgeni anayekuja, lakini mara nyingi tunaanza na Vera Molnár, mchoraji aliyezaliwa Hungaria mwaka 1924 na kufanya kazi Paris. Kabla ya kuipata kompyuta mwaka 1968, alikuwa akijiwekea kanuni kali na kuzifuata kwa mkono kana kwamba yeye ni mashine. Wanafunzi nao hujaribu: wanachora safu za miraba, wanarusha dadu kwa kila mraba, na dadu inaamua ni kona ipi isogezwe na kwa kiasi gani. Ndani ya nusu saa huwa wameelewa, bila kompyuta, maana ya kuandika kanuni na kuiachia bahati sehemu ya uamuzi. Hapo ndipo tunapowaambia kwamba mwaka 1965 Georg Nees na Frieder Nake tayari walikuwa wakionyesha hadharani, huko Stuttgart, michoro iliyotengenezwa kwa kompyuta, na kwamba mwaka 1963 Ivan Sutherland alikwishaonyesha kwa programu yake, Sketchpad, kuwa mtu anaweza kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga.

Ningependa kuwaonya wenzangu kuhusu urefu wa kipindi hiki. Tulipokirefusha kwa majina na miaka mingi, wanafunzi walimpokea mgeni wakiwa wamekwisha kuchoka. Mtu mmoja, wazo moja na zoezi moja vinatosha. Jaribio la dadu hasa limekuwa na faida ambayo sikuitarajia, kwamba mgeni anapowauliza wanafunzi wamewahi kutengeneza nini, kila mmoja wao, hata asiyejiona kuwa msanii, ana karatasi ya kutoa mfukoni.

Sasa niingie katika masuala ya vifaa, ambayo waratibu wapya huyadharau na ambayo yametugharimu kuliko yote. Tulimwalika msanii anayetengeneza kazi zinazoitikia miili ya watazamaji: mtu akisimama mbele ya ukuta, kamera inalisoma umbo lake na picha ukutani inabadilika. Ni mkondo wenye historia ndefu. Msanii Myron Krueger alikuwa akiijenga kazi yake iitwayo Videoplace katika miaka ya 1970, na mwaka 1999 Camille Utterback na Romy Achituv walitengeneza kazi iitwayo Text Rain, ambamo herufi huanguka kama mvua na kutua juu ya vichwa, mabega na mikono ya watazamaji. Kanuni yake ni rahisi kuielezea: chochote chenye giza kuliko kiwango kilichowekwa huhesabiwa kuwa kizuizi, na herufi hutua juu yake. Urahisi huo unafaa sana darasani, ila unategemea mwanga utulie.

Ukumbi wetu una madirisha makubwa na mapazia mepesi. Msanii alikuwa ameijaribu kazi yake humo jioni na ikafanya kazi vizuri, lakini mhadhara ulikuwa asubuhi. Jua lilikuwa likiingia na kutoka mawinguni, na kila lilipobadilika kamera ilidhani ukuta mzima umesogea. Sitasema kwamba kushindwa kule kuligeuka kuwa somo zuri, kama inavyopendwa kusemwa katika simulizi za aina hii. Wanafunzi walikaa wakisubiri, wengine wakatoa simu zao, msanii alihangaika na vipimo huku jasho likimtoka, na muda ukaisha. Alikuwa amesafiri umbali mrefu, na nilimsindikiza nikiwa sina la kumwambia.

Kwa hiyo, kazi yoyote inayotumia kamera ijaribiwe katika chumba kilekile na saa ileile ya siku, si siku hiyo hiyo tu. Msanii aulizwe mapema kama kazi yake inatumia mwanga wa kawaida au wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni. Wengi wenye uzoefu huangaza watazamaji kwa taa za infraredi na kuweka kichujio mbele ya kamera ili isione mwanga wa kawaida, kwani vinginevyo picha ya projekta huangukia miili ya watazamaji na kuichanganya kamera kuhusu kipi ni mtu na kipi ni picha. Ikiwa kazi inatumia mwanga wa kawaida, chumba kidogo kinachoweza kutiwa giza kinafaa kuliko ukumbi wenye heshima. Na daima kuwe na video ya kazi hiyo ikiwa inafanya kazi, iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta na si kwenye mtandao, maana mitandao ya shule mara nyingi imezuiwa kufungua kurasa za video na mwenye nywila ya kuondoa kizuizi huwa hayupo siku ya tukio.

Projekta nayo ina hila zake. Projekta za zamani zenye pikseli 1024 kwa 768 huipunguza au huikata picha iliyotengenezwa kwa 1920 kwa 1080, na rangi nyeusi haiwezi kuwa nyeusi kuliko ukuta unaoangaziwa. Wasanii wa kidijitali hupenda mandhari ya giza kwa sababu inapendeza kwenye skrini zao, ila ukutani mchana hugeuka kijivu na maandishi yakapotea. Miongozo ya ufikivu wa kurasa za mtandao, inayolenga kurasa zisomeke hata na watu wenye ulemavu, inataka uwiano wa utofauti wa mwanga kati ya maandishi na mandhari yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, nami huutumia mwongozo huo kumwomba mgeni aandae nakala yenye mandhari nyeupe. Baadhi hununa. Wakiona ukuta wetu hunishukuru.

Kuhusu malipo nitasema waziwazi, kwa kuwa ni jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona. Mwanzoni shule ilitaka wageni waje bure, ikidai kwamba wanapata nafasi ya kujitangaza. Wanafunzi wa sekondari si wateja wa mtu yeyote, kwa hiyo hakuna anachojitangazia. Mgeni anayekuja na rasimu na zoezi ametumia siku kadhaa kujiandaa, na wengi wao hawana mwajiri anayewalipa mshahara siku wasiyofanya kazi. Tulichofanya ni kupunguza idadi ya wageni na kuwalipa waliobaki, pamoja na nauli, na kiasi hicho kuandikwa katika barua ya kwanza ili asiwepo wa kuuliza kwa aibu. Barua hiyo hiyo inataja kama mhadhara utarekodiwa, nani ataiona rekodi na kwa muda gani. Mgeni mmoja aligundua kwamba rasimu zake zilikuwa zimepigwa picha na kusambazwa, na hakurudi tena. Upande wa wanafunzi, picha zao hazichukuliwi bila idhini ya wazazi, na kazi zinazotumia kamera zimewekwa katika kifungu hichohicho, kwa sababu kamera ya msanii pia ni kamera.

Kuna swali ambalo mratibu anapaswa kumwonya mgeni kulihusu, maana litaulizwa kila mara: kwa nini mtu atumie miaka akijifunza kuchora ilhali programu inatoa picha kutokana na sentensi moja? Mgeni wa kwanza kukutana nalo, mchoraji, alilichukulia kuwa tusi na akajibu kwa ukali, na mwanafunzi aliyeuliza, ambaye nadhani aliuliza kwa hofu na si kwa dharau, hakufungua kinywa tena. Baadaye alikuja mgeni mwingine aliyelijibu kwa njia iliyonifurahisha. Alianza na Harold Cohen, mchoraji aliyeanza kuijenga programu yake ya kuchora, AARON, mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea nayo hadi alipofariki mwaka 2016, akiandika mwenyewe kanuni kuhusu maumbo na baadaye rangi. Kisha akaeleza tofauti yake na programu za sasa, zinazojifunza kutokana na wingi wa picha za watu wengine, ambao wengi wao hawakuombwa ruhusa. Mwishoni akafungua faili zake na kuonyesha mahali ambapo yeye mwenyewe alizijaribu programu hizo, wapi zilimsaidia kufikiri na wapi alizitupa. Hakuwaambia wanafunzi waamini nini. Mabishano yaliendelea hadi nje ya darasa, na baadhi yao hadi leo hawakubaliani naye.

Kinachofuata baada ya mgeni kuondoka kina uzito sawa na ziara yenyewe, na kinapaswa kuanza katika juma hilohilo, kabla ya msisimko kupoa. Tunatoa kazi ndogo inayotokana na zoezi la mgeni, kwa sharti kwamba kila mwanafunzi awasilishe rasimu zake zote pamoja na kazi ya mwisho, na rasimu zisahihishwe kwa alama. Sharti hilo lilipingwa sana mwanzoni, hasa na wanafunzi hodari waliozoea kutoa kazi safi kwa mkupuo mmoja. Wengine walichora kazi ya mwisho kwanza, kisha wakabuni rasimu za uongo kwa kurudi nyuma. Ni rahisi kuwagundua, kwa kuwa rasimu za uongo husonga mbele kwa utaratibu bila kupotea njia hata mara moja. Mgeni naye huombwa, na hulipwa, kutoa maoni kuhusu rasimu chache kwa ujumbe wa sauti, ambao wanafunzi huusikiliza kwa makini kuliko maandishi yangu ya wino mwekundu.

Lililobaki bila kumalizika ni ukubwa wa mihadhara. Zoezi la karatasi na penseli haliwezi kufanywa na ukumbi mzima, na uongozi wa shule unapenda, kwa sababu ninazozielewa, ukumbi uliojaa na picha za kuweka kwenye ripoti ya mwaka. Tumekubaliana kwamba kila muhula utakuwa na mhadhara mmoja wa shule nzima, na ule mwingine ufanyike darasani kwa wanafunzi wanaoweza kuizunguka meza moja. Majina ya wanaotaka kuhudhuria huu mdogo huwa mengi kuliko viti, na bado sijapata njia ya haki ya kuwachagua isipokuwa ile ya kuwapa zamu.